"Imalizwe vizuri" siyo kipimo: sakafu ya chumba cha swichigia

Jamani hili nimeshalisema sana na leo nalisema tena. Michoro yetu hapa Dar, transfoma imeandikwa kila kitu mpaka rangi, swichigia (makabati ya swichi za kuwasha na kukata umeme mkubwa) vivyo hivyo, ukifika kwenye sakafu ya chumba chake unakuta mstari mmoja, "sakafu ya zege, imalizwe vizuri". Vizuri ndo nini? Fundi atakupigia niru inang'aa kama kioo na ana haki ya kudai hela yake.

Kuna jengo moja mjini siwezi kulitaja, paneli, yaani makabati ya swichigia, za 11 kV zimepangwa mstari, sakafu safi, ila mkandarasi kaiwekea mteremko kidogo kuelekea mlangoni ili maji ya kudeki yatoke. Maji ya kudeki, chumba cha swichigia! Ukilaza rula sakafu imenyooka, ukiweka pima maji kipovu kinakimbia, maana kunyooka ni kitu kingine na kulala levo ni kingine, lazima uandike vyote viwili. Basi brika, ile swichi nzito ya kukata umeme inayosukumwa ndani ya paneli, lilipokuja na toroli lake likagoma kuingia, vijana wanalisukuma kwa mabega, milango ya paneli haifungi, bolti za basba, zile fito za kupitisha umeme toka paneli hadi paneli, zinalazimishwa.

Najua kuna mtu hapo anasema si tunaweka shimu, vile vibati vyembamba vya kunyanyulia paneli. Shimu inanyanyua paneli, lakini toroli bado linapita kwenye sakafu ileile, sasa umetengeneza ngazi! Halafu paneli ikishikiliwa pembeni tu fremu inajipinda, kontakti zinagusana upande mmoja, na hapo ndo joto linapoanzia.

Andika namba. Anza na kitabu cha mtengenezaji, mara nyingi utakuta kitu kama milimita 1 kwa mita, pamoja na kikomo cha mstari mzima wa paneli. SR1, daraja la juu la unyoofu kwenye BS 8204, kiwango cha Uingereza cha sakafu, milimita 3 chini ya rula ya mita 2, ni unyoofu tu, levo uidai peke yake. Bora zaidi laza chaneli za chuma za kukalia paneli, zipimwe na mhandisi wa umeme asaini kabla zege la juu halijamwagwa, na mpime tena kabla paneli hazijashuka kwenye gari kwa sababu zege likikauka kingo zake hujikunja juu.

Muda unaniishia. Umaliziaji: niru tupu inatoa vumbi na vumbi likichanganyika na unyevu wetu huu wa pwani linakaa kwenye insuleta, vile vishikizo visivyopitisha umeme, kwa hiyo piga epoksi, na ipigwe kabla paneli hazijaingia. Vigae hapana, magurudumu ya brika yatavipasua. Haya, maswali.