Mvua ya kwanza Dodoma: liandae gari la ofisi kabla wingu halijapasuka

Mbukwenyi, madereva wenzangu! Leo nipo yadi hapa Dodoma, na hii Land Cruiser mnayoiona nyuma yangu imebeba vumbi la tangu Mei. Huku kwetu hatuna vuli na masika kama wenzetu wa Tanga. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaingia mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuaga Aprili. Kiangazi chote hakuna anayekumbuka waipa, mpaka siku moja saa tisa alasiri wingu linakupasukia ukiwa njia ya Manyoni.

Basi tuanze na waipa. Kamera isogee hapa. Nainua mkono wa waipa, naukunja mpira kwa kidole. Umeona? Umepasuka kama ganda la muhogo mkavu. Jua limeula. Mimi yalinikuta: mpira ulichomoka mvua ikiwa imekolea, kikabaki chuma kinakwangua kioo, nikaendesha kichwa nje ya dirisha mpaka nikapata pa kuegesha. Ule mkwaruzo wa nusu duara haukutoka tena, na kila bosi aliyepanda aliuliza. Mpira ukiwa hivi usiupake mafuta, badilisha. Kisha jaza tangi la maji ya kioo na ubonyeze uone kama yanaruka, maana vitundu vyake huziba kwa vumbi.

Ukiwa hapo hapo, futa kioo. Loanisha kwanza, kwa sababu kitambaa kikavu chenye vumbi kinachora kioo. Na ufute upande wa ndani pia, wengi tunausahau. Ukitoka mjini alfajiri kuelekea Kibaigwa jua linachomoza usoni pako, ukienda Bahi jioni linazama usoni pako. Kioo chenye ukungu wa vumbi na jua lililo chini vikikutana, huoni bodaboda hata akiwa mbele ya bampa.

Hatua ya pili, matairi. Ingiza kidole katikati ya kashata, yaani yale meno ya tairi yanayoshika barabara, utakuta vinundu vidogo vya mpira. Kashata zikishuka zikawa sawa na vinundu hivyo, zimebaki milimita 1.6 tu, na tairi hilo halina tena pa kupitishia maji. Upepo pima asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kufuata kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Si kipimo cha fundi wa pancha. Spea tairi, jeki, wili spana na reflekta vitazame kwa macho yako, usiamini maneno ya aliyekukabidhi gari.

Tuingie barabarani. Lami imekunywa dizeli, oili na unga wa matairi miezi yote hii. Manyunyu ya mwanzo hayaisafishi, yanaikoroga, na nusu saa ya kwanza ni kama imepakwa sabuni. Punguza mwendo mapema na washa taa. Halafu hesabu: gari la mbele likipita nguzo, anza "elfu moja na moja, elfu moja na mbili..." Ukifika kwenye nguzo ile kabla ya "elfu moja na nne", umemkaribia mno. Usukani ukiwa mwepesi ghafla, gari linaelea juu ya maji. Usikanyage breki. Achia mafuta taratibu, shika usukani ulionyooka, subiri matairi yaguse lami.

Sasa korongo, na hapa ndipo nilipotaka tufike. Korongo la mchanga ulilolivuka asubuhi likiwa kavu linaweza kujaa jioni bila tone kuanguka ulipo, kwa kuwa mvua imenyesha huko milimani. Ukikuta maji yanakimbia juu ya drifti, yaani kile kivuko cha zege cha chini kinachokatiza korongo, simama mahali pa juu, si mchangani. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 30 yanatosha kuinua gari dogo. Sentimita 60 huweza kubeba hata hili refu. Usidanganywe na lori lililopita. Lina uzito wake, na dereva wake huenda amebahatisha tu.

Simu ya ofisini italia, hilo nalijua. Pokea gari likiwa limesimama. "Mkuu, korongo limejaa, nipo upande huu nasubiri." Akisema wenzako wamepita, mtumie picha ya maji. Kwenye logibuku, daftari la safari za gari, andika saa uliyosimama na sababu, kwa kalamu, palepale. Mwenye kulaumu kesho atakuta maandishi. Maji yakishuka, teremka utazame kingo kwanza: zege huwa limeliwa chini huku juu likionekana zima. Ukishavuka, gusa breki kidogo kidogo mara kadhaa zikauke.

Kuna la jioni pia. Mvua ikishanyesha, watu wanawahi shambani na kurudi giza limeingia, majembe begani, na punda hana taa ya nyuma. Kwenye vijiji kibao cha 50 kiheshimu hata trafiki asipokuwepo.

Ukirudi yadi, kabla hujakabidhi ufunguo, zunguka nyuma ya gari. Taa na namba zitakuwa zimezibwa na tope. Mwagia maji sasa hivi, kwa sababu tope la Bahi likishakauka utalitoa kwa bisibisi.