Je, huku Hispania naficha Uislamu wangu?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kila nikiweka video swali ni hilohilo: huko Hispania unaficha dini? Leo najibu, na atakayesema najigamba kwa kuishi Granada, au nalalamika na huku nakula kwao, basi aseme.

Mimi sifichi. Navaa mtandio, hata picha ya kitambulisho nimepiga nao, maana inaruhusiwa mradi uso uonekane wote. Kinachonitoa jasho ni miadi ya karatasi za ukaazi. Unafungua mtandao, nafasi hakuna, kumbe kuna watu wanazishika na kuziuza. Jamaa mmoja alinitaka euro 50 kwa kitu ambacho serikali inatoa bure! Na uraia mtu kama mimi anasubiri miaka 10, wakati mtu wa Guinea ya Ikweta anasubiri 2.

Ila kuna anayeniandikia kwamba Mwislamu anayeficha imani hana imani. Hapo nakataa kabisa. Mji huu ulikabidhiwa wafalme wa Kikristo mwaka 1492 kwa mkataba ulioahidi Waislamu wataachiwa dini yao. Miaka kumi haikutimia, watu wakawa wanabatizwa kwa nguvu. Mwaka 1504 mufti mmoja wa Oran, mji wa Algeria ya leo, akawaandikia: swalini hata kwa ishara, mkizuiwa mchana ilipeni swala usiku, maji yakikosekana tayamamuni hata kwa kugusa ukuta, mkilazimishwa mvinyo kunyweni huku moyo unakataa. Aya ya Suratun-Nahl mnaijua, ile inayomsamehe aliyelazimishwa kukufuru na moyo wake umetulia katika imani.

Ikaja amri ya 1567: Kiarabu marufuku, hamamu, yaani bafu za umma, marufuku, na siku ya Ijumaa mlango wa nyumba uachwe wazi ili wapitao waone kama mnaswali. Hebu fikiria mama anayetaka kumfundisha mwanawe Alhamdu katika nyumba ya namna hiyo. Na bado wakafukuzwa, kuanzia 1609 hadi 1614, karibu watu laki tatu, ingawa walikuwa wamebatizwa. Mwaka 2015 Hispania ilifungulia njia ya uraia vizazi vya Wayahudi iliowafukuza, ni haki yao na nawafurahia. Vizazi vya hawa wetu hawakupewa sheria kama hiyo, na inaniuma.

Sasa wewe unayeniuliza kama useme au usiseme kazini kwako huko uliko, siwezi kukuamulia. Yangu ni yangu. Muulize shekhe anayeijua hali yako.