Kibachia Alipokamatwa, Nani Alishika Kalamu?

(Mhadhara uliotolewa katika ukumbi wa Tononoka, Mombasa)

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma, ahsanteni kwa kuja. Habari za ukoloni mnazijua, sitawarudisha Berlin. Nimekuja na neno lile lile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti, na nitaendelea kulisema: tumewaimba mashujaa tukawasahau makatibu. Bara hili lilikombolewa na watu walioandika majina, waliokusanya ada, waliojua kwamba mwenzao akichukuliwa usiku, fulani ndiye atakayeshika nafasi yake asubuhi.

Nianze na hapa kwetu. Tarehe 13 Januari 1947 mji huu ulisimama. Makuli wa Kilindini waliacha kazi, wa reli wakafuata, kisha wahudumu wa hoteli na wapishi wa majumbani. Watu wapatao 15,000, kwa karibu wiki mbili. Walikusanyika Majengo, mahali walipopaita Kiwanja cha Maskini. Wengi walikuwa vibarua wa kutwa, wametoka bara na pwani, kila mmoja na lugha ya mamake, na hakukuwa na chama kilichowaunganisha. Chama kilizaliwa mgomo ukiwa umeshaanza: Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, na Chege Kibachia akawa ndiye sauti yake. Serikali ikalazimika kuunda tume chini ya Jaji Thacker, na mishahara ikapanda.

Hapo ndipo tunapopiga makofi na kwenda nyumbani. Ngojeni kidogo. Agosti mwaka huo huo, Kibachia akiwa mbioni kulipeleka shirikisho nje ya pwani, alikamatwa akahamishiwa Baringo, na huko akazuiliwa kwa miaka mingi. Shirikisho likasambaratika. Nani atasema makuli waliingia woga? Njaa ilikuwa ile ile na hasira ile ile. Lakini kamba zote zilifungwa kwenye mlingoti mmoja, na serikali ililiona hilo kabla yetu. Mpaka Machi 1955 ndipo bandari iliposimama tena kwa kishindo kama kile, na safari hiyo Tom Mboya alikuja kujadiliana akiwa na shirikisho zima la vyama vya wafanyakazi nyuma yake.

Sasa twendeni bandari nyingine. Bissau, mji mkuu wa Guinea ya Wareno, leo Guinea-Bissau, gati ya Pidjiguiti, tarehe 3 Agosti 1959. Makuli vilevile, na dai la mshahara vilevile. Polisi wa Kireno wakafyatua risasi, wakaua watu wapatao 50. Chama cha PAIGC, chama cha ukombozi cha Guinea-Bissau na Cape Verde, kilikuwapo tangu 1956, kwa siri. Mwezi mmoja baada ya mauaji hayo, kiongozi wake Amílcar Cabral na wenzake walikutana wakaamua: mjini tutamalizwa, twendeni vijijini, na tusiende kabla hatujajiandaa.

Maandalizi yenyewe ndiyo ninayotaka myaone. Cabral alikuwa mtaalamu wa kilimo. Mwaka 1953 aliongoza sensa ya kilimo ya nchi nzima, akaijua Guinea shamba kwa shamba. Kule Conakry, katika nchi jirani ya Guinea, aliwachukua vijana wa mjini akawafanyisha mazoezi kama ya mchezo wa kuigiza. Kijana anaigiza kufika kijijini, anaamkia wazee, anauliza hali ya mpunga, anauliza kodi ni kiasi gani, anauliza baba yako alipata nini kwa jasho lake. Akianza kuhutubia kuhusu ubeberu, anasimamishwa, anarudia. Anarudia tena na tena. Ni baada ya hapo tu alipopelekwa kwa watu wenyewe. Kisha kila kijiji kilichokombolewa kilichagua kamati ya watu watano, na angalau wawili kati yao wawe wanawake. Kazi zikagawanywa: huyu mavuno, huyu shule na afya, huyu ulinzi, huyu ugeni na wapiganaji wanaopita, huyu hesabu na uandikishaji.

Tarehe 20 Januari 1973 Cabral aliuawa Conakry. Kwa hesabu ya wakoloni, chama kimekwisha. Tarehe 24 Septemba mwaka huo huo, miezi minane tu, bunge lililochaguliwa na wananchi lilikaa Madina do Boé likatangaza uhuru. Kibachia alihamishwa tu na shirikisho likavunjika. Cabral aliuawa na nchi ikazaliwa. Wekeni mambo hayo mawili kando kwa kando mniambie tofauti ni ipi, kama si ile kamati ya watu watano.

Najua kijana mmoja ananiambia moyoni: mzee, sisi tulipoandamana Juni 2024 hatukuwa na kiongozi, hatukuwa na chama, na Muswada wa Fedha ulianguka. Ni kweli, na wako waliokufa kwa ajili yake, Mwenyezi Mungu awarehemu. Mnasema kiongozi hununuliwa, hivyo heri tusiwe naye. Mwanangu, kundi lisilochagua viongozi bado lina viongozi: mwenye wafuasi wengi mtandaoni, mwenye gari, mwenye kujuana na waandishi wa habari. Huyo hamwezi kumwondoa kwa sababu hamkumweka. Na akinunuliwa mtajuaje, ikiwa hakuna kikao anachopaswa kutoa hesabu?

Mwingine ananiambia, mpangilio ndio unaozaa madikteta. Jibu liko Cassacá, huko huko Guinea-Bissau, Februari 1964. Baadhi ya makamanda wa PAIGC walikuwa wamegeuka watawala wadogo msituni, wanawaonea raia. Chama kiliitisha mkutano vita vikiendelea, kikawashtaki makamanda wake chenyewe, kikaunda jeshi jipya chini ya uongozi wa siasa. Kundi lisilo na kikao lingewashtaki wapi? Na ndiyo, Novemba 1980 serikali ya chama hicho hicho ilipinduliwa na mmoja wa makamanda wake. Nalijua hilo. Lakini mapinduzi yale yalipita juu ya vikao, hayakutoka ndani yake.

Hata Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama aliyewapinga Waingereza, tumemfanya mcheza ngoma tu. Tunasimulia kifaranga na mama kuku aliyemdonoa Champion, afisa wa Kiingereza, watoto wanacheka, basi. Mwaka 1913 watu waliitwa Kaya Fungo, kaya takatifu ya Wagiriama msituni, wakalishwa kiapo, cha wanawake mukushekushe na cha wanaume fisi, na kiapo kikasafiri kaya hadi kaya. Ndiyo maana alipokamatwa pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola wakapelekwa Kisii, Wagiriama hawakulegea. Waingereza walilipua Kaya Fungo kwa baruti mwaka 1914. Hawakulipua ngoma. Walilipua makao makuu.

Nilitaka kuwaeleza jinsi Bibi Titi Mohamed alivyoingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU kupitia vikundi vya ngoma vilivyokuwa tayari na viongozi wake, na Mpango wa M wa Mandela, wa kugawa mitaa vikundi vidogo vidogo mapema kabla chama cha ANC cha Afrika Kusini hakijapigwa marufuku mwaka 1960. Nilitaka pia kufika kwenye kamati za Nairobi zilizowalisha wapiganaji wa Mau Mau msituni, na vipi Operesheni Anvil, msako wa Waingereza wa Aprili 1954, ilivyozilenga hizo kabla ya msitu wenyewe. Mwenyekiti ananionyesha saa. Itabidi mniite tena.

Kabla ya maswali nina ombi moja. Pale mlangoni vimejiandikisha vikundi vingi, vya ardhi, vya wavuvi, vya akina mama, vya vijana wa mtaani. Makatibu wa vikundi hivyo naomba wasimame, na kila mmoja ataje jina la atakayeshika buku siku yeye asipokuwapo. Kikundi kisicho na katibu kimchague sasa hivi, hapo hapo kilipokaa. Tutasubiri.