Kihisi Hakijasema Hayumo

Ndugu zangu, habari za kompyuta kuenea kila mahali mnazijua. Mtafiti wa kompyuta Mark Weiser alizieleza mwaka 1991, sirudii. Nitasema lile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti: programu zetu zinavisingizia vihisi, yaani sensa, vile vifaa vinavyopima mwendo, joto na mengineyo, maneno visivyoyasema.

Chukueni taa ya chumba cha kusomea. Mtu ameketi, ametulia na kitabu chake. Dakika kumi hazijaisha, taa imezimika. Anapunga mikono hewani, inawaka. Anarudi kusoma, inazimika tena. Nani kakosea? Kile kihisi cha ukutani huhisi joto la mwili linaposogea. Mtu akitulia, hakina cha kuhisi. Kilichotuma ni hiki tu: "sijaona mwendo". Sisi ndio tulioandika kwenye programu: "hayumo". Kati ya kauli hizo mbili yupo mtu mzima, amekaa gizani!

Najua kuna atakayesema, ongeza kihisi kingine. Haya, ongeza. Kule Cambridge, Uingereza, kati ya 1989 na 1992, watafiti wa kampuni ya Olivetti walitengeneza beji iliyotoa ishara ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kila sekunde 15, ili simu imfuate mtu kwenye chumba alichomo. Sasa vua koti lenye beji, litundike, uende zako. Mfumo unajua koti liko wapi. Wewe uko wapi, haujui. Kihisi cha pili kinaleta dhana ya pili. Hakiigeuzi ya kwanza kuwa yakini.

Kwa hiyo kila kipimo kitembee na umri wake: kilichukuliwa lini, na tukiamini kiasi gani. Halijoto ya saa moja iliyopita si ya sasa, lakini nimeona programu chungu nzima zikiionyesha kana kwamba imepimwa sasa hivi. Kifaa kikinyamaza, programu iseme "sina habari". Itifaki ya MQTT, yaani kanuni ambazo vifaa hutumia kutumiana ujumbe kupitia seva, inakiruhusu kifaa kuacha wasia kabisa: kikikatika ghafla, seva inawatangazia wote waliojiandikisha kuupokea. Wasia upo, kwa nini hamuutumii?

Na swichi ya ukutani msiing'oe! Ifanye kazi hata mtandao ukikatika, na mtu akiibonyeza programu isibishane naye. Katika chumba kizima, hiyo ndiyo ishara pekee aliyoituma mwenyewe kwa kukusudia.

Ya betri na faragha nilikuwa nayo, muda umeniishia. Aliyenyoosha mkono kule nyuma, uliza.