Usaili wa NHS: jopo linaandika nini wakati wewe unatetemeka

Habari za huko nyumbani, ndugu zangu. Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Leo nazungumza na wauguzi mnaojiandaa na usaili wa hospitali za NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, ingawa mengi yatamfaa hata anayesubiri kuitwa na Sekretarieti ya Ajira Dodoma.

Ujumbe unaokuja kwa wingi ni ule ule: kazi naijua, lakini nikikaa mbele ya jopo akili inaganda. Na watu wanawajibu, "Usiogope, jiamini." Jamani, hakuna aliyewahi kuacha kuogopa kwa kuambiwa asiogope. Hofu ya usaili inalishwa na kutojua. Hujui wanapima nini, hujui kama jibu limewafikia, unabaki kusoma nyuso zao. Kwa hiyo sianzi na kupumua, hiyo itakuja baadaye. Naanzia upande wa pili wa meza.

Vyeti vyako wameshaviona. Kama unaujua uuguzi au la, hilo linapimwa na NMC, baraza la wauguzi na wakunga la huku, kwa mtihani wa kompyuta na ule wa vitendo wa OSCE. Sasa mwajiri anatoaje watu wawili au watatu wodini, wodi yenyewe ina upungufu wa watu, wakae na wewe dakika 40? Kwa sababu karatasi haimwonyeshi unavyofikiri mgonjwa anapobadilika ghafla, wala unavyozungumza na binadamu mwenzako, wala kama yaliyomo kwenye fomu uliyatenda wewe mwenyewe. Na ipo sababu ya kisheria. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inakataza kubagua kwa rangi, umri, dini, jinsia, ulemavu na mengineyo. Aliyekosa kazi akilalamika, mwajiri anahitaji kumbukumbu za kuonyesha kwamba waombaji wote walipimwa kwa kipimo kimoja.

Hapo ndipo inapotoka ile sura yao kavu inayowatisha wengi. Usaili wa NHS kwa kawaida umepangwa: maswali yale yale, kwa maneno yale yale, kwa kila mwombaji, na kila msaili ana karatasi ya alama mbele yake. Kila jibu linapewa alama, mara nyingi kuanzia 0 hadi 4 au 5. Wana sababu ya kufanya hivyo. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, wakaona usaili uliopangwa unabashiri utendaji kazini vizuri kuliko maongezi ya hivi hivi. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake wakazipitia upya hesabu hizo. Namba zilishuka karibu kila mahali, lakini usaili uliopangwa ukashika nafasi ya kwanza.

Maana yake kwako ni hii. Msaili asipotabasamu, hajakuchukia. Ameelekezwa asimpe mmoja moyo kuliko mwingine. Akiinama kuandika wakati unaongea, usikatishe sentensi ukidhani umeharibu. Anaandika kwa sababu umesema kitu cha kuandikwa. Wasiwasi uwe pale anapokaa na kalamu mkononi dakika nzima bila kuandika chochote, maana hapo unaongea maneno ya jumla: napenda kusaidia watu, mimi ni mchapakazi. Hayo hayana kisanduku kwenye ile karatasi.

Sasa fungueni tangazo la kazi. Mbali na maelezo ya majukumu kuna jedwali la sifa za mwombaji: sifa za lazima, sifa za ziada. Watu wanalisoma kuona kama wana shahada, wanalifunga. Tazameni safu ya mwisho. Mara nyingi kuna herufi: A, I, T. A ni sifa itakayopimwa kwenye fomu ya maombi, T ni kwa mtihani, na I ni kwenye usaili. Chukua kalamu, zungushia kila mstari wenye I. Hayo ndiyo maswali yako, wamekupa wenyewe. Mstari ukisema uwezo wa kufanya kazi kwenye timu, na pembeni kuna I, andaa tukio moja la kweli la timu. Ongeza maadili 6 yaliyoandikwa kwenye Katiba ya NHS, kama heshima na utu, huruma, na kwamba kila mtu ana thamani. Kwenye usaili wa NHS swali la maadili halikosi.

Andaa matukio sita tu. Usihangaike na majibu hamsini ya kukariri. Ukikariri, neno moja likipotea sentensi nzima inaanguka, na hofu inapanda. Tukio moja linaweza kujibu maswali matatu. Lipange hivi: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulifanya nini, matokeo yakawa nini. Jibu lote dakika mbili. Hali na jukumu visizidi sekunde 30, matokeo 20, muda wote unaobaki uwe wa ulichofanya. Watu wetu wanaanguka hapa: wanatumia dakika nzima kueleza hospitali ilivyo, dawa zilivyokuwa hazipo, daktari alivyochelewa, kisha hatua zao wanazipa sentensi moja. Na hiyo sentensi ni ya wingi. Tulimhudumia, tukampa dawa, tukafanikiwa. Kwetu ni adabu, mtu hajisifu mbele za watu. Lakini jopo haliwezi kukupa alama za timu. Sema nilipima, niliona, nilimwita, nilirudi baada ya dakika 15. Hujajikweza hapo, umetoa ushahidi.

Tuchukue swali la kitabibu, maana ndilo linalogandisha wengi. Wanakupa mgonjwa: anapumua mara 26 kwa dakika, oksijeni ya damu asilimia 92 bila msaada wa mashine, namba ya juu ya presha 98, mapigo 118, joto 38.6, yuko macho na anajielewa. Utafanya nini?

Hesabuni NEWS2, kipimo cha alama cha kuonyesha mgonjwa amezidiwa kiasi gani, cha Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha mwaka 2017. Kupumua 26 ni alama 3. Oksijeni 92 ni 2. Presha 98 ni 2. Mapigo 118 ni 2. Joto ni 1. Jumla 10, na kuanzia 7 ni dharura. Jibu linalokosesha alama ni lile la haraka: "Nitamwita daktari." Ni kweli utamwita, lakini karatasi ina hatua saba au nane na wewe umetaja moja. Zitaje kwa mpangilio: simwachi mgonjwa, nabonyeza kengele ya kuomba msaada, namkalisha vizuri kitandani, nakagua njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha mwili mzima. Naanza oksijeni nikilenga 94 hadi 98, isipokuwa mgonjwa yuko kwenye hatari ya kujaza kaboni dioksidi, kama baadhi ya wenye COPD, ugonjwa sugu wa mapafu, hao lengo ni 88 hadi 92. Natamka kwamba nahofia sepsis, yaani mwili kuzidiwa na maambukizi, kwa sababu ya joto na kupumua haraka. Naita timu ya dharura na kutoa taarifa kwa SBAR: hali ya sasa, historia, nilichopima, ninachoomba. Naendelea kumpima, naandika kila kitu, nazungumza na mgonjwa mwenyewe na ndugu zake. Hilo la mwisho wengi wanalisahau kabisa.

Swali la kosa la dawa liko hivyo hivyo. Hawakutegi. Wanataka kusikia usalama wa mgonjwa kwanza, kisha kumwambia daktari na kiongozi wa zamu, kumweleza mgonjwa ukweli na kuomba radhi, kujaza fomu ya tukio. Ukijibu kwamba wewe hujawahi kukosea, hawana cha kukupa alama, na wanaanza kujiuliza kama ni mtu wa kuficha.

Tuje kwenye mwili. Moyo kwenda mbio, mdomo kukauka, mikono kutetemeka: ni adrenalini, mwili umejiandaa kwa kazi ngumu. Akili inaganda kwa sababu ile nafasi ndogo ya kushikilia mawazo imejaa "nitashindwa, nitashindwa", swali halipati pa kukaa. Kulazimisha utulivu ni vita. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Harvard aliwapima watu kwenye kuimba, kuhutubia na hesabu. Waliojiambia kwamba wana msisimko walifanya vizuri kuliko waliojaribu kutulia. Kwa hiyo jiambie kwa sauti, "Nina hamu na kazi hii." Mapigo yale yale, umeyapa kazi nyingine.

Kisha pumua: ingiza hewa puani ukihesabu 4, toa taratibu ukihesabu 6, dakika tano. Kinachopunguza kasi ya moyo ni kule kutoa kwa muda mrefu kuliko kuingiza. Wanaokosea wanavuta hewa nyingi haraka haraka, kaboni dioksidi inashuka mwilini, kizunguzungu kinaanza, midomo na vidole vinachomachoma, wanadhani ni hofu imezidi. Ukiona hivyo, punguza kasi. Kahawa usizidishe kuliko ulivyozoea. Na wale mnaopeana propranolol ya kutuliza moyo kabla ya usaili, nawaomba sana, muache. Kwa mwenye pumu inaweza kubana njia ya hewa vibaya. Hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari anayekujua.

Ila dawa kubwa ni kusema majibu kwa sauti. Kusoma kimya hakumfundishi mtu kuongea. Weka simu, jirekodi video, kwa Kiingereza, kila tukio mara tano siku tofauti. Mpe mtu wa nyumbani akuulize bila mpangilio. Siku yenyewe swali likikupotea, omba lirudiwe, ni ruhusa. Sema unahitaji sekunde chache za kufikiri. Na kama una tatizo la wasiwasi lililothibitishwa na daktari, au ulemavu wowote, mjulishe mwajiri mapema uombe marekebisho, mfano muda wa ziada au kuona maswali kabla. Wapo waajiri wanaowatumia waombaji wote maswali mapema siku hizi.

Usaili wa video una mitego yake, na wa kwanza ni saa. Wakikuandikia 10:00 ya Uingereza, kipindi cha majira ya joto huko Afrika Mashariki ni saa sita mchana. Baridi ikiingia ni saa saba. Saa zao zinabadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Andika kwa saa ya nyumbani, mpe mwenzako ahakiki. Bando liwe GB 2 au zaidi, simu ya pili iwe na laini ya mtandao mwingine, betri zote zijae maana Luku inaweza kuwa na uniti na umeme bado ukakatika. Kaa ukiangalia dirisha, lisiwe mgongoni, uso utakuwa kivuli. Wakati wa kujibu tazama kamera. Kuinamisha macho kwetu ni heshima, huku wanaweza kudhani unasoma.

Na hili nalisema kwa uzito. Hakuna usaili wa NHS unaolipiwa. Sheria ya mawakala wa ajira ya Uingereza ya mwaka 1973 inamkataza wakala kumtoza mtu pesa za kumtafutia kazi. Ada ya viza unailipa serikali, haipiti kwa "kaka wa Birmingham". Barua pepe za hospitali huishia nhs.net au nhs.uk. Na tangu Julai 22, 2025, njia ya kuajiri wahudumu wa malezi kutoka nje kwa viza mpya imefungwa. Anayekuita leo kwenye usaili wa kazi ya kulea wazee, uje na viza kutoka nyumbani, anataka hela yako.

Mwisho wa usaili watakuuliza kama una swali. Uwe nalo moja la kazini: muuguzi mgeni anapewa wiki ngapi za kufuatana na mwenyeji, nani atamsaidia kujiandaa na OSCE. Mshahara uko kwenye tangazo.

Ukikosa, siku inayofuata tuma barua pepe fupi: shukrani, na ombi la maoni, swali lipi lilipata alama ndogo na kwa nini. Wakikujibu, andika maneno yao kama yalivyo. Wakisema hukuwataja ndugu wa mgonjwa, ongeza hatua hiyo kwenye tukio lako usiku huo huo na ulirekodi upya, kwa sababu hospitali inayofuata itauliza swali linalokaribiana sana na lile. Nayo inatunga maswali yake kutoka kwenye maadili yale yale 6 na kanuni ile ile ya NMC.