Acheni kupeleka glukosi wodini

Shikamooni bibi zangu. Kina mama, kina baba wa Tukuyu, habari zenu.

Glukosi tena, ndiyo, ile sukari ya unga mnayomkorogea mtoto mchanga. Nitaisema mpaka iishe kwenye vikapu vyenu. Mzazi katoka chumba cha upasuaji asubuhi. Jioni mama mkwe anaminya chuchu, haoni kitu, anatangaza "hana maziwa", kikombe cha glukosi kinakorogwa. Maziwa yapo! Siku ya kwanza ni dang'a, yale mazito ya njano, na mtoto hunywa mililita 2 hadi 10 tu kwa mlo. Kijiko cha chai ni 5. Maziwa mengi kwa aliyepasuliwa huweza kuchelewa hadi siku ya 4 au ya 5. Mtoto akishiba glukosi hanyonyi, na titi lisiponyonywa halitengenezi.

Mtasema, "Na mtoto mwenye sukari ya chini?" Huyo hupimwa, na daktari ndiye anayeamua, siyo kikapu.

Mtoto akishindwa kunyonya, kamua. Nawa mikono. Kidole gumba juu, cha shahada chini, sentimita 2 hadi 3 kutoka kwenye chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usivute ngozi, usiminye chuchu yenyewe, inachubuka bure. Kinga kijiko safi, mtoto alambe. Rudia kila baada ya saa 2 au 3, usiku pia.

Ganzi ya mgongo haizuii kunyonyesha. Baridi? Mtoto avae nepi na kofia, alale kifuani ngozi kwa ngozi, blanketi liwafunike wote wawili. Kidonda kinauma? Mpakate ubavuni, miguu yake ipite chini ya kwapa kuelekea mgongoni kwako, mto chini yake. Na parasetamoli uliyoandikiwa meza, haimdhuru mtoto. Maumivu makali huweza kuzuia maziwa kushuka.

Titi likijaa likawa gumu kama jiwe, maji ya dripu nayo huongeza uvimbe, chuchu hulala na mtoto huteleza. Weka vidole kuzunguka shina la chuchu, bonyeza taratibu kuelekea ndani kwa dakika 1 mpaka palainike, kisha mpe. Kukanda kwa maji yanayounguza mnaongeza uvimbe. Akimaliza kunyonya, weka kitambaa cha maji baridi.

Muda umeniishia. Homa ya nyuzi 38 na titi jekundu: mama aendelee kunyonyesha, aende hospitali siku hiyo hiyo. Na wakague kidonda pia, maana homa ya aliyepasuliwa si lazima itoke kwenye titi.