Ndege Mwenye Nyota za Kufichua na Kufunika

ZUHURA: Karibuni tena. Baraka leo kaja na shingo inayouma.

BARAKA: Dada, acha tu. Nimekaa kwenye gogo msitu wa Magamba, kule Lushoto, karibu saa nzima. Nasikia kamluzi laini hatua chache mbele yangu, sioni kitu. Kumbe yuko palepale, kitawi cha chini, katulia kama jani.

ZUHURA: Nani huyo?

BARAKA: Ndege mdogo wa msituni, kwa jina la kisayansi Pogonocichla stellata. Hilo “stellata” ni Kilatini, yaani mwenye nyota. Kichwa kijivu cha kuelekea bluu, tumbo la njano kama kiini cha yai. Ana doa jeupe mbele ya kila jicho, na la tatu chini ya koo.

ZUHURA: Madoa meupe, kwenye kiza cha msituni? Anajifichaje sasa?

BARAKA: Anayafunika! Akitulia, manyoya yanayalalia, hasa lile la koo hulioni. Akishtuka, au mwenzake akimwingilia eneo lake, yanafunuka.

ZUHURA: Kwa hiyo wewe ulimshtua.

BARAKA: (anacheka) Nilipiga chafya. Nyota hizo, pwaa! Kisha mkia ukamulika njano pembeni, kwisha habari yake.

ZUHURA: Mimi wamenivutia makinda. Kwanza wana madoadoa ya njano. Halafu wengi, kabla ya kufanana na wazazi, huvaa vazi la katikati: kijani cha zeituni mgongoni, njano kifuani. Hukaa nalo muda mrefu.

BARAKA: Sare ya shule hiyo. Nadhani inawaambia wakubwa, “mimi bado mdogo, msinipige.”

ZUHURA: Hiyo nadhani yako ibaki kuwa nadhani, kaka. Kiota je?

BARAKA: Chini kabisa, kwenye mteremko. Jike hukijenga kwa majani makavu na vijizizi, kimeezekwa juu, mlango ubavuni. Unaweza kukikanyaga ukidhani ni takataka za msitu.

ZUHURA: Na bado kekeo mwenye kifua chekundu, ndege anayewaachia wengine kazi ya kulea, hukiona, akatagia humo yai lake!

BARAKA: Hapo nilimwonea huruma. Mama ana gramu 20 hivi, anahangaika kulisha jitoto linalomzidi mwili.

ZUHURA: Analilisha nini?

BARAKA: Wadudu. Mwenyewe hula na vitunda. Ukikuta msafara wa siafu, tazama kandokando yake. Hafuati siafu wenyewe, anavizia panzi na buibui wanaowakimbia.

ZUHURA: Siku ya siafu utaenda peke yako.

BARAKA: Basi chagua mlima. Yupo Uluguru, Kilimanjaro, Mlima Kenya, misitu ya milimani tangu Sudan Kusini hadi Afrika Kusini. Baridi ikikaza, wengine hushuka kwenye misitu ya chini. Ila lazima pawe na kivuli. Shamba la wazi halimfai.

ZUHURA: Haya, nitakuja. Ila dawa ya mafua unameza kabla hatujaondoka.